Mke Mwenza wa Chuma

Olha Prokopchuk aliolewa kanisani, mke pekee, padri akiwa shahidi, na hakuna aliyemnong'oneza kwamba siku moja atagawana mume. Mke mwenzake alikuwa wa chuma, rangi ya kijani, mnene kama ng'ombe mwenye mimba ya pacha, na alijengewa chumba chake nyuma ya klabu ya mchezo wa mawe pale kwenye kijimji cha Dolyna, ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha la jiko la Olha. Kila alfajiri ya msimu wa baridi Nestor alitoka kitandani, akavaa suruali mbili, akavuka kwenda kwa huyo wa pili. Alimpaka mafuta. Alimfuta jasho kwa tambara. Alimsemesha kwa sauti ambayo Olha hakuwa ameisikia tangu enzi za uchumba, na hata enzi hizo Nestor alikuwa amelewa kidogo.

"Mwenzangu kaamkaje leo?" Olha alikuwa akimuuliza anaporudi kunywa chai.

"Ana kikohozi."

"Na wewe?"

"Mimi nina nini?"

Alikuwa na nyonga mbili zilizolika na kifua kilichopiga filimbi kama birika. Daktari wa mjini alishamwambia kazi ya kuinama kwenye chumba chenye unyevu itamtoa roho. Nestor alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamuuliza kama amewahi kucheza mawe hata mara moja maishani.

Mwenyewe yule mwenza alikuwa kompresa, mashine ya kugandisha barafu ya ndani, iliyonunuliwa mtumba kutoka kiwanda cha maziwa kilichofilisika. Wazee wanaapa kwamba ilikuwa kuukuu tangu siku kiwanda kilipofunguliwa. Kila alfajiri, saa inayojijua yenyewe, ilishikwa na kwikwi ikanyamaza. Hapo lazima pawe na mtu: afungue vali kwa mkono, asikilize, aipige ubavuni kwa nyundo ya mbao, asubiri, apige tena. Asipokuwepo mtu haifufuki, na barafu ya Dolyna inageuka bwawa la bata.

Wageni huuliza, nchi yenye baridi namna hii, mashine ya nini? Ni kwamba baridi ya jimbo letu la Saskatchewan haina adabu. Juzi inakuja kali mpaka kivuli cha meya Haugland kinagandia kwenye ukuta wa benki, naye anarudi na sufuria ya maji moto kukibandua. Keshokutwa upepo wa vuguvugu unashuka kutoka milimani na mapaa yanalia machozi. Barafu ya mchezo haitaki vituko. Inataka baridi ya kiasi, ile ile, Jumatatu hadi Jumapili.

Na mchezo wenyewe ni wa mawe mazito yenye mpini, yanayotelezeshwa hadi kwenye duara lililochorwa mwisho wa njia, huku wenzako wawili wakikimbia mbele ya jiwe wakifagia barafu ili liende mbali. Ndio mchezo pekee ambao mwanamume mzima hufokewa na mkewe afagie upesi, naye akatii mbele za watu. Mwamuzi hakuna. Ufagio wako ukigusa jiwe, unainua mkono mwenyewe, unasema nimeligusa, na jiwe lile linaondolewa. Olha aliwahi kuinua mkono kwenye fainali ya wilaya, jiwe likiwa linaelekea katikati kabisa ya duara, wakati hakuna aliyeona, hata Mungu mwenyewe, ambaye usiku ule inasemekana alikuwa akitazama hoki. Dolyna ikakosa kombe. Baadhi ya watu walishamsamehe.

*

Arvid Haugland alikuja na habari wakati Olha anakunja pirohi, zile sambusa za kuchemsha za viazi. Alikung'uta theluji viatuni, akavua kofia, akakaa bila kukaribishwa. Ndivyo meya wa mji mdogo anavyokaa.

"Shemeji, wanakuja. Jumatano. Afisa wa Mfuko wa Jamii Hai, yeye mwenyewe, kwa miguu yake miwili."

"Kuja kufanya nini?"

"Kutuona! Ombi letu limepita mchujo wa kwanza. Kompresa mpya, shemeji. Ya siku hizi. Inajiwasha, inajizima, ikiumwa inajipigia simu yenyewe kwa fundi."

Olha aliweka chini pirohi aliyokuwa ameishika. Akakaa. Hakuna mtu katika Dolyna nzima aliyeitaka mashine ile kuliko yeye, na sababu yake haikuwa ya michezo. Alitaka mume wake alale mpaka jua litoke. Basi. Alitaka aamke siku moja ya Januari akute yule mtu bado yuko pale, ana joto.

Nestor alikuwa karibu na jiko, ameweka miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. "Mara ya tano sasa wanatuambia wanakuja," alisema.

"Mara hii ni kweli. Lakini tusikilizane." Haugland alisogeza kiti. "Pesa za michezo za nchi hii ni kama moshi, zinapanda juu. Zinakwenda kwa wenye medali. Zikibaki makombo, wanasema vilabu viunganishwe, Dolyna na jirani zetu Storrow na wote wale waende wakachezee mjini, saa nzima barabarani kwenye theluji. Binamu yangu kule Norwei anaishi kijiji cha nyumba chache na mbuzi wengi. Wana barafu, wana taa, wana mpaka sauna! Serikali yao inachukua pesa za bahati nasibu inazirudisha kwa vilabu vya vijijini."

"Hapa bahati nasibu imechukua pesa za Verna wa posta," Nestor akasema, "na Verna hazijamrudia."

"Ndiyo maana nasema, makombo haya tuyapate. Mfuko unaangalia shida. Anayeonekana na shida ndiye anayepata. Kwa hiyo Jumatano tuonekane tumechoka."

"Tumechoka kweli, Mheshimiwa," Olha akamwambia.

"Ndiyo, lakini ionekane! Wewe na kina mama, chai kavu na biskuti, tena zile za mwaka jana. Na wewe, Nestor, ndugu yangu..." Haugland alisafisha koo. "Barafu. Iache. Usiinyunyizie yale matone yako ya maji, usiikwangue. Iwe na mabonde kidogo. Jiwe lipinde, lisimame katikati ya njia kama punda."

Nestor alitoa miguu majini. Maji kwenye beseni yalikuwa yamepoa.

"Mgeni anakuja," alisema polepole, "halafu mimi nimwekee barafu mbaya."

"Ni ya siku moja!"

"Wewe mgeni akija kwako unamwagia takataka sebuleni?"

"Nikijua atanijengea nyumba mpya, naleta na nguruwe!"

Haugland alipoondoka, Olha alichukua taulo akamfuta mumewe miguu, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. Vidole vyake vilikuwa vimevimba.

"Nestor."

"Nimesikia."

"Sitaki kusikia kwako. Nataka uniahidi."

"Nitaiacha kama ilivyo."

"Sema naahidi."

"Naahidi, mwanamke! Unataka niandike?"

*

Jumatano Nestor alirudi kunywa chai akiwa na barafu kwenye nyusi na aibu ya mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya kopo la sukari. Olha alimtazama mara moja tu.

"Umefanya nini?"

"Nilikwenda kumwasha mwenzako."

"Na baada ya kumwasha?"

"Nimenyunyiza kidogo." Alikaa. "Kidogo sana. Palikuwa na sehemu inasikitisha."

Olha alivuka barabara bila kufunga vifungo vya koti. Akawasha taa. Njia mbili za barafu zilikuwa zimelala pale, nyeupe, tulivu, zina vitone vidogo vidogo vilivyosambazwa sawia kama upele wa mtoto mchanga. Aliishi na barafu miaka yake yote ya utu uzima na kila siku ilikuwa safi hivi hivi. Alisukuma jiwe moja kwa ncha ya kiatu, kwa dharau, ili angalau likwame. Jiwe likaondoka lenyewe, likaenda, likaenda, kana kwamba limeitwa jina, likapumzika ndani ya duara.

"Mshenzi," Olha akasema kwa uchungu, na machozi yakamlenga.

Jikoni mwa klabu hali haikuwa bora. Verna Desjarlais wa posta alikuwa ameambiwa alete biskuti za mwaka jana. Alileta pai ya nyama, kwa sababu, alisema, hata kama ni serikali ni mtu. Maricel Balagtas wa kituo cha mafuta, aliyehamia na mumewe Rodel kutoka Ufilipino, alileta tambi za harusi na mayai ya kukaanga. Olha alikuta supu ya biti, kabichi za kukunja, keki ya asali, na akajikuta mwenyewe anafunua sufuria yake ya pirohi, akimwaga vitunguu na siagi juu. Haugland alipoingia akaona meza, alishika ukingo wa mlango.

"Nimesema shida! Hii ni arusi!"

"Basi usile," Verna akamwambia.

Afisa alifika mchana, mwanamke aliyekaribia makamo, buti nzito, macho ya mtu aliyeendesha gari tangu gizani. Alijitambulisha kwa jina, Janelle Okemow, akampa kila mtu mkono, hata Rodel aliyekuwa amejificha nyuma ya kabati. Alitazama paa, akatazama choo, akakaa kidogo mbele ya yule mwenza wa kijani akisikiliza anavyonguruma. Halafu akaomba kuona mchezo.

Waliingia kwenye barafu. Maricel alitelezesha jiwe akiwa amevaa kofia ya ski ya mumewe, Olha na Verna wakafagia mbele yake, Haugland akipiga kelele kutoka mwisho wa njia. Jiwe lilikuja zuri. Olha alihisi nywele za ufagio wake zikibusu jiwe, mguso mwepesi kuliko wa nzi. Jiwe likakaa katikati ya duara na watu wakapiga makofi, na Maricel akaruka ruka akiita jina la mama yake.

Olha alikuwa ameshainua mkono.

"Nimeligusa."

"Shemeji," Haugland alinong'ona, "si mashindano haya."

"Nimeligusa, liondoeni."

Janelle Okemow alisogea. "Mimi sikuona kitu, mama."

"Hakuna aliyeona."

"Sasa kwa nini umesema?"

Olha hakulielewa swali. Alilitafuta upande wa mbele na wa nyuma. "Kwa sababu nimeligusa," alisema.

Yule mwanamke alimtazama kama mtu aliyekuwa akitafuta mzani na sasa ameupata. "Basi nikuulize wewe, mama. Barafu hii. Iko hivi kila siku, au mmeniandalia kwa sababu ya ugeni?"

Nyuma ya mgongo wake Haugland alitikisa kichwa mpaka tai ikampiga shavuni. Jibu lilikuwa rahisi: leo tumebahatika, dada, siku nyingine tunaogelea. Maneno hayo yalikuwa na thamani ya kompresa nzima. Yalikuwa na thamani ya mume kitandani mpaka jua litoke. Olha aliyaonja mdomoni. Kisha akamwona Nestor pembeni ya mlango, debe lake la shaba la kunyunyizia likiwa bado mgongoni, amesimama wima kwa shida, akisubiri jibu la mkewe kama kijana anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Kila siku," Olha akasema. "Tangu nimjue."

Nestor alishusha macho, akaanza kufuta debe ambalo lilikuwa kavu.

*

Baada ya kula, na Janelle alikula vizuri, alimfuata Olha kwenye sinki akachukua kitambaa cha kukaushia vyombo. Olha alimwacha. Walisimama bega kwa bega.

"Nitakuambia kabla ya kuwaambia wao," Janelle alisema. "Sitaki uje usikie kwa posta."

"Sema, mwanangu."

"Ninakotoka mimi, kaskazini, ukumbi wa barafu uliungua nikiwa msichana. Haukujengwa tena. Watoto wanacheza hoki nyuma ya duka, kwenye maegesho, na magari yakija wanasogeza goli. Wameomba kila mwaka. Na wao wamo kwenye rundo lile lile mlilomo ninyi." Aliikausha sahani pande zote mbili. "Mfuko una mlango mmoja, mama. Nikija hapa nikakuta barafu ya namna hii, niandike nini?"

"Andika mashine inakufa."

"Nimeisikia. Inanguruma vizuri tu."

"Inanguruma kwa sababu..." Olha aliacha bomba likitiririka. "Mashine siyo ile. Mashine ni yule mzee pale na debe lake. Anaamka gizani kila siku, hajalipwa hata senti, na kifua kimekwisha. Siku akilala, utaona barafu gani ipo hapa. Hilo liandike."

"Nitaliandika." Janelle alisita. "Lakini lina mahali pake pa kuandikwa. Panaitwa nguvu ya jamii. Mkiwa na mtu kama yeye mnapata alama za juu sana. Na mwenye alama za juu huonekana anaweza kujimudu."

"Kwa hiyo angekuwa mvivu tungepata."

Janelle aliendelea kukausha sahani ile ile. Olha alitaka kumkasirikia lakini hasira haikuja. Alikuwa anawaona wale watoto wakisogeza goli.

"Mchukulie mama yako kabichi," alisema mwishowe. "Zipo nyingi."

*

Barua ililetwa na Verna mwenyewe, wiki moja kabla ya Krismasi, na hakuhitaji kuifungua. Mtu wa posta husoma kwa vidole.

"Nyembamba," alisema, akaiweka mezani kwa huruma. "Ila kuna na kifurushi."

Mfuko ulisikitika. Mfuko uliipongeza Dolyna kwa moyo wake na kuishauri iombe tena. Ndani ya kifurushi mlikuwa na kibao cha mbao chenye jina la Nestor, Mtu wa Kujitolea wa Mwaka, na jaketi la buluu lenye nembo mgongoni. Nestor alilijaribu. Zipu haikukutana, kati ya upande na upande palibaki nafasi ya kupitisha paka.

"Zuri," alisema, akijitazama kwenye kioo cha dirisha.

"Hulifungi."

"La nini kulifunga? Ni la heshima."

"Mwenzangu ndiye alitakiwa apumzishwe," Olha alisema, "badala yake wamekuletea wewe jaketi la kwenda kwake."

Haugland alikitundika kibao ukumbini, juu ya mashine ya kahawa, akatoa hotuba ndefu ambayo ndani yake Norwei ilitajwa tena na tena. Watu walimpigia Nestor makofi kwa muda mrefu. Wengine walilia kabisa. Kesho yake alfajiri alivuka barabara peke yake, jaketi la heshima ndani, koti la kazi juu.

Ilikuwa hivyo mpaka wiki ya mashindano ya wilaya. Rodel Balagtas alikuwa akienda kufungua kituo cha mafuta, akaona mlango wa chumba cha mashine uko wazi na theluji inaingia. Alimkuta Nestor amekaa sakafuni, mgongo umeegemea ubavu wa kijani, mikono imefungwa mapajani kama mtu anayesubiri basi. Mashine ilikuwa inanguruma. Alikuwa ameiwasha kwanza, ndipo akaanguka.

Rodel alimleta nyumbani kwenye gari la kituo, amelala katikati ya makreti ya soda. "Mama, samahani, mama," alirudia rudia, kana kwamba yeye ndiye aliyemwangusha. "Aliniambia nifunge mlango kwanza, baridi isiingie kwa mashine."

Daktari alikuja mwenyewe safari hii. Alisikiliza kifua mbele na nyuma, akavua vifaa vyake, akamvuta Olha kando. "Homa ya mapafu," alisema. "Na nyonga ya kushoto sasa haina kitu. Mwambie achague. Kitanda sasa, au udongo theluji ikiyeyuka."

"Mwambie wewe."

"Nimemwambia. Ameniuliza tena kama nimewahi kucheza mawe."

*

Haugland alibisha hodi siku ile ile, jua la alasiri likiwa tayari limeanza kuondoka. Hakukaa mpaka alipoambiwa. Olha alijua kutokana na hilo tu kwamba amekuja kuomba.

"Hali yake?"

"Amelala. Hajalala. Anasikiliza." Olha alionyesha kwa kidevu upande wa barabara, ambako mngurumo ulipita kwenye kioo cha dirisha kama kawaida. "Kula pirohi. Zimepoa."

"Sikuja kula, shemeji."

"Basi sema."

Haugland alizungusha kofia. "Mashindano ni Jumamosi. Timu zinakuja kutoka wilaya nzima. Kiingilio, chakula, ile bahati nasibu ya nyama, ndiyo pesa ya umeme ya mwaka mzima. Tukikosa barafu Jumamosi tumefunga, shemeji. Hatufungui tena. Wanatuunganisha na mjini."

"Najua."

"Ni alfajiri nne tu. Mtu wa kuamka."

"Vizuri. Wewe je?"

"Mgongo wangu..."

"Nestor alikuwa na nini, mkia?"

"Shemeji, unajua nilivyofanyiwa upasuaji."

"Verna?"

"Magoti. Hata kushuka ngazi za posta anashuka kinyumenyume."

"Rodel?"

"Ana kituo. Halafu ameogopa. Anasema ile mashine inamtazama."

"Wako watu mia na zaidi hapa Dolyna. Siku ya kibao wote walikuwepo, walipiga makofi mpaka nikafikiri paa litaanguka."

"Nimepita nyumba hadi nyumba tangu asubuhi," Haugland alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na meya ndani yake. Alikuwa mzee tu mwenye viatu vilivyolowa. "Kila mtu analia. Kila mtu ananipa kahawa."

Kisha akatazama mikono ya Olha. Aliitazama na kuiacha, akaitazama tena: mipana, yenye unga, iliyozoea kuinua sufuria. Olha alichelewa kuelewa.

"Mimi," alisema.

"Umemwona akifanya maisha yako yote."

"Nilikuwa nimelala, Arvid! Alikuwa ananiacha nimelala!"

Haugland aliinamisha kichwa. Haikuwa imewahi kutokea Olha kumwita kwa jina.

Olha alisimama. Ufunguo wa chumba cha mashine ulikuwa mahali pake siku zote, kwenye msumari karibu na sanamu ya Bikira, umefungwa kwa kamba ya kiatu cha Nestor. Aliutungua akauweka mezani, kati ya chumvi na sahani ya pirohi.

"Chukua. Mpe yeyote. Jipe mwenyewe. Mimi sikuolewa na ile."

Haugland hakuunyooshea mkono. Aliutazama kama unavyotazama mbwa wa watu. Ufunguo ulibaki mezani na siagi juu ya pirohi ikaganda nyeupe.

"Olha!" Sauti ilitoka chumbani, nyembamba, ikifuatwa na kikohozi kirefu kilichopanda ngazi na kuteremka. "Olha, ni Arvid huyo?"

"Ni yeye."

"Amechukua ufunguo?"

Haugland alinyanyua macho. Olha naye alikuwa anautazama ufunguo, pale pale ulipo, na kamba yake ya kiatu. Akasikia kitanda kikilia. Nestor alikuwa anajaribu kukaa.

"Nasema amechukua? Kama hana mtu niambie. Nitakwenda mwenyewe, nikijifunga vizuri..."

"Amechukua," Olha akasema.

Sauti yake ilitoka sawa kabisa.

"Kweli?"

"Ameshauweka mfukoni. Atakwenda mwenyewe alfajiri."

"Mwambie amsikilize kwanza kabla ya kumpiga."

"Nimemwambia."

"Na vali, taratibu. Asimpapatikie."

"Taratibu. Amesikia. Lala sasa, mzee."

Kitanda kililia tena, safari hii kwa kushuka. Palikuwa na kikohozi kimoja, kisha kingine kidogo, halafu pumzi ndefu zenye filimbi, na filimbi ikaanza kupishana pole pole, mpaka ikawa usingizi.

Haugland alikuwa ameshasimama, kofia kifuani. Alimtazama Olha jinsi walivyomtazama wote siku ya fainali ile, akimsubiri ainue mkono. Wilaya nzima iliujua mkono wa Olha Prokopchuk; ungeweza kuwekea saa yako. Olha alichukua kitambaa akafunika sahani, akakilainisha pembe zote, kisha akaiweka mikono yake miwili juu ya mapaja, chini ya meza, ikakaa huko.

Meya alitoka akiufunga mlango polepole, kama watu wanavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Ufunguo aliuacha.

Nje palishakuwa giza. Ng'ambo ya barabara mke mwenza alikuwa bado ananguruma, ana usiku wake mmoja tu kabla ya kwikwi ya alfajiri. Olha alivua viatu, akaegemea kiti, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumfanyia hivyo, akakaa naye kumsikiliza.